Somo: Televisheni za chogo, monita zilizokufa na madini yaliyomo



Somo la toleo hili limetokana na barua. Kamati ya parokia moja huko Shirimatunda, hapa Moshi, ilituandikia ikiomba mtaji mdogo kwa ajili ya kikundi cha vijana. Vijana hao walikuwa wamesikia kwamba ndani ya vioo vya kompyuta na televisheni kuna madini ya thamani, na kwamba mtu mwenye tindikali, ndoo za plastiki na jiko la mkaa anaweza kuyatoa. Vioo walikuwa navyo tayari. Stoo ya parokia ilikuwa imejaa monita nene zilizokuja zamani katika kontena la kompyuta kutoka kwa parokia rafiki ya ng'ambo, na juu ya hizo waumini walikuwa wameongeza televisheni zao mbovu, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kuzipeleka. Mahali walipopanga kufanyia kazi palikuwa nyuma ya stoo, hatua chache kutoka kwenye mfereji.

Tunakiri kwamba mwanzoni tulitaka kukubali. Ombi lilikuwa dogo, vijana wana bidii, na taarifa ya mradi wa namna hiyo ingependeza katika kurasa hizi. Mmoja wetu ndiye aliyeuliza: "Hiyo tindikali ikishatumika itamwagwa wapi?" Hatukuwa na jibu. Ndipo tukaanza kujifunza, na haya tunayowaandikia ni yale tuliyoyapata. Tunaomba kamati za parokia zilisome pamoja, na wafadhili wetu walisome pia, maana sehemu yao imo.

Kwanza tujue jinsi mzigo huu ulivyotufikia. Matangazo ya televisheni ya analojia yalianza kuzimwa nchini mwetu tarehe 31 Desemba 2012, yakianzia Dar es Salaam. Zamu ya Moshi na Arusha ilifika mwaka 2013. Kwa kweli king'amuzi kinaweza kuunganishwa kwenye televisheni ya chogo na ikaendelea kuonyesha, na zipo nyumba mlimani ambako zinaonyesha hadi leo. Lakini watu wengi walichukua nafasi hiyo kununua flati, na chogo likahamia stoo, kisha uani. Kwa upande wa kompyuta ilitokea vivyo hivyo. Ofisi na shule za Ulaya na Marekani zilibadilisha monita zao nene kwa nyembamba, na sehemu ya zile nene zikapata njia ya kuja kwetu kama msaada. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki. Kati ya hizo, zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo hazikufika robo. Barani Afrika hazikufika hata asilimia moja.

Chogo limebeba nini

Televisheni ya chogo ina kioo kikubwa kilichofungwa na kutolewa hewa yote ndani. Mafundi hukiita tyubu. Shingoni mwake kuna mtambo unaorusha chembe za umeme kwa nguvu ya volti elfu ishirini na zaidi, nazo zikigonga unga uliopakwa ndani ya uso wa kioo, unga huo huwaka na kutoa picha. Mgongano huo huzaa pia mionzi kama ile ya eksirei. Ili mionzi hiyo isimfikie mtazamaji, watengenezaji walichanganya risasi ndani ya kioo. Tunasema risasi yaani ile metali laini na nzito inayotumika katika betri za magari.

Risasi haikuwekwa sawa mahali pote. Uso wa mbele kwa kawaida una bariamu na stronshiamu, kwa sababu risasi ingeugeuza kuwa wa kahawia kadiri miaka inavyopita. Chogo lenyewe ndilo lenye risasi nyingi. Oksidi ya risasi huwa kiasi cha robo ya uzito wa kioo cha chogo, na shingoni huzidi hapo. Kwa televisheni ya ukubwa wa kawaida risasi yote huweza kufikia kilo moja, na zile kubwa huzidi sana.

Sasa hapa pana jambo la kutuliza na la kutisha kwa pamoja. Kioo kikiwa kizima, risasi imefungwa ndani yake kama sukari iliyokwisha kugandishwa kwenye kashata, haitoki hovyo. Ukiweka tyubu nzima stoo, haimdhuru mtu. Ukiivunja vipande vidogo, ukaitupa shimoni ikanyeshewa miaka kumi, au ukaimwagia tindikali, risasi huanza kutoka. Na unga ule wa ndani, wenye zinki na wakati mwingine kadimiamu, hupeperuka na kuingia mapafuni mwa aliyeshika nyundo.

Wanaovunja si watu wabaya. Kijana wa mkokoteni wa chuma chakavu anataka shaba iliyozungushwa shingoni. Njia ya haraka ni kupiga shingo nyundo moja, kuchomoa koili na kuondoka. Kioo hubaki pale pale, na watoto wa jirani huokota vipande vinavyong'aa.

Risasi haina dozi ndogo isiyodhuru kwa mtoto. Hivyo ndivyo linavyofundisha Shirika la Afya Duniani: hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Huingia kwa vumbi na kwa mikono midomoni, na hupunguza uwezo wa mtoto wa kujifunza pasipo yeye kuonekana mgonjwa. Mzazi atasema tu kwamba huyu wa tatu darasani si kama kaka zake.

Jirani zetu wa Mombasa wanalijua jambo hili kwa machungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi katikati ya makazi ya watu tangu mwaka 2007 hadi 2014. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi mwilini, akaanza kudai kiwanda kifungwe. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wananchi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hukumu hiyo ikapanguliwa katika rufaa, mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirudisha. Ilichukua miaka kumi tangu kiwanda kifungwe. Ni kweli kwamba risasi ya Owino Uhuru ilitoka kwenye betri wala si kwenye televisheni, tena ilikuwa nyingi kupita kiasi. Lakini ni metali ile ile, na jiko la mkaa nyuma ya stoo ni kiwanda hicho hicho kwa udogo wake. Sisi hapa tunakaa chini ya mlima unaotiririsha maji. Chemchemi za Shiri na Nsere ni kati ya vyanzo vinavyounywesha mji wa Moshi, na mifereji yetu hupita kihamba kwa kihamba. Kinachomwagwa kwa jirani wa juu ni kinywaji cha jirani wa chini.

Indiamu: madini ya sifa

Tuje kwenye flati, maana hapo ndipo habari za utajiri zilipoanzia. Vijana wa Shirimatunda walikuwa wamelitaja jina lenyewe barabara: indiamu.

Metali hii iligunduliwa mwaka 1863 huko Freiberg, Ujerumani, na wanasayansi wawili, Ferdinand Reich na Theodor Richter. Reich alikuwa hawezi kutofautisha rangi, kwa hiyo alimtegemea msaidizi wake amtazamie mwanga wa madini yanapochomwa. Richter akaona mstari wa rangi ya nili ambao hakuna aliyewahi kuuona, na jina likatokana na nili hiyo. Kwa muda mrefu haikuwa na kazi kubwa. Leo oksidi ya indiamu ikichanganywa na kidogo cha oksidi ya bati hupakwa juu ya kioo cha flati na cha simu, kwa sababu hupitisha umeme na wakati huo huo mwanga hupenya. Vitu viwezavyo kufanya yote mawili ni vichache.

Ni kweli basi kwamba indiamu imo. Swali ni kiasi gani. Tabaka lililopakwa ni jembamba mamia ya mara kuliko unywele. Wataalamu wa Ujerumani waliopima walipata kwamba monita nyembamba ya kompyuta ina indiamu kiasi cha miligramu 80, na televisheni flati kiasi cha miligramu 250. Tupige hesabu pamoja. Ili kupata kilo moja ya indiamu zinahitajika televisheni flati kama 4,000, au monita zaidi ya 12,000, na hapo tumechukulia kwamba hakuna hata chembe iliyopotea njiani. Bei ya indiamu hupanda na kushuka sana. Hata tukiichukua ile ya juu iliyokaribiwa mwaka 2005, yaani dola 1,000 kwa kilo, indiamu yote ya televisheni moja ni senti 25 za dola. Ya monita haifiki senti 10. Tindikali ya kuitoa ingegharimu zaidi ya hapo.

Indiamu nyingi inayorudishwa viwandani duniani wala haitoki kwenye vioo vikuukuu. Inatoka kwenye mabaki ya viwanda vyenyewe vinavyopaka vioo, kwa kuwa katika kupaka, sehemu kubwa ya metali haifiki kwenye kioo, nayo hukusanywa na kurudishwa. Aidha vumbi lake si la kuchezea. Mwaka 2003 madaktari wa Japani waliandika habari za mfanyakazi kijana aliyekufa kwa ugonjwa wa mapafu baada ya kufanya kazi na vumbi la oksidi hiyo ya indiamu na bati. Yule alikuwa katika kiwanda. Sisi tulikuwa tunataka kuwapa vijana wetu twanga na kinu.

Flati za zamani zina hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Zile zilizotengenezwa kabla taa za LED hazijaenea, yaani hadi miaka ya 2010 hivi, huangazwa kwa nyuma na taa nyembamba kama mrija wa soda, na kila taa ina zebaki kidogo, miligramu chache. Monita ina taa mbili hadi nne, televisheni huweza kuwa na zaidi ya kumi. Tazameni nyuma ya kifaa: nyingine zimeandikwa herufi Hg, ndiyo alama ya zebaki. Zikikosa alama lakini ni nene kidogo na ni za miaka ile, zichukuliwe kuwa zinayo.

Na dhahabu je?

Dhahabu ipo, na hapa hatutaki kuwavunja moyo wasomaji kwa kuficha. Haiko kwenye kioo. Iko kwenye bodi, ile mbao ya kijani yenye vipande vingi vilivyolehemiwa. Wataalamu wale wale walipata kiasi cha miligramu 140 za dhahabu katika televisheni flati, na 200 katika monita nyembamba. Bodi kuu za kompyuta ni tajiri zaidi: tani moja huweza kuwa na dhahabu gramu 200 na kuendelea, wakati tani ya mawe ya mgodi mzuri hutoa gramu chache tu. Bodi za chogo ni maskini, thamani yake kubwa ni shaba.

Basi kwa nini tusitoe dhahabu wenyewe? Sababu ya kwanza ni sumu, na tumeshaisema. Ya pili ni hasara, na hii ndiyo iliyowagusa vijana tulipokaa nao. Uchunguzi uliofanywa huko Bangalore, India, kwa watu waliokuwa wakitoa dhahabu kwa tindikali na sianidi uani, ulionyesha kwamba walipata kiasi cha robo tu ya dhahabu iliyokuwamo. Robo tatu ilipotea. Viwanda vikubwa vya kuyeyusha, kama kile cha Umicore kilichoko Hoboken karibu na Antwerp, Ubelgiji, hupata zaidi ya asilimia 95, pamoja na fedha, paladiamu na shaba. Mzee mmoja wa kamati, fundi redio tangu enzi za redio za mbao, alisikiliza hesabu hiyo akasema, "Kumbe wanangu mlikuwa mnataka kuimwaga hela mferejini." Hatukuwa na la kuongeza.

Kazi inayobaki

Kazi ya kikundi ipo, ila ni ya bisibisi, si ya tindikali. Kifaa hufunguliwa, hutenganishwa, na kila kundi hupelekwa kwa anayelistahili. Kutoka kwenye chogo hupatikana koili ya shingoni na ile iliyozungushwa nyuma ya uso wa kioo, zote zikiwa za shaba au pengine aluminiamu, jumla mamia kadhaa ya gramu. Hupatikana pia waya, vipande vya aluminiamu vya kupoozea, chuma, na spika. Hivi vinauzika hapa hapa Moshi. Shauri letu ni kuuliza bei kwa wanunuzi wawili au watatu na kupima kwa mizani yenu kabla ya kupima kwa mizani yao. Waya usichomwe. Ganda la plastiki likiungua pamoja na shaba hutoa moshi wenye sumu mbaya kuliko nyingi tunazozijua, na shaba iliyoungua hushuka bei.

Chogo lisifunguliwe na mtu asiye fundi. Hata likiwa limechomolewa ukutani huweza kubakiza umeme wa kumwangusha mtu, na kwa kuwa ndani hakuna hewa, kioo kikipasuka hurusha vipande. Fundi mzoefu anajua kuondoa umeme huo na kuvuta koili bila kuvunja shingo. Kioo hubaki kizima, huwekwa kifudifudi chini ya paa, mahali pakavu. Flati zenye zebaki zisifunguliwe kabisa. Zihifadhiwe zilivyo, zimesimama, zisirundikwe. Bodi nazo zikusanywe nzima katika magunia, zisikatwekatwe wala kuchomwa ili kupata lehemu, maana lehemu ya vifaa vilivyotengenezwa kabla ya 2006 mara nyingi ni risasi na bati.

Bodi chache hazina soko. Magunia ya dekania nzima yanaweza kuwa nalo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za mwaka 2021 zinazohusu taka za vifaa vya umeme na elektroniki, zinazotaka mkusanyaji na mchakataji wawe na kibali. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kamati ni kwenda kwa afisa mazingira wa Manispaa na kuuliza ni nani mwenye kibali kilicho hai, kisha kukiona kwa macho. Majirani wametutangulia kidogo. Nairobi kuna kituo kiitwacho WEEE Centre, kilichozaliwa na mradi wa Computers for Schools Kenya. Waliokuwa wakipeleka kompyuta mashuleni waliona ni wajibu wao kuzipokea tena zikifa. Rwanda ina kiwanda wilayani Bugesera. Lakini msifikiri kupakia lori na kuvuka Namanga. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za elektroniki, za hatari na zisizo za hatari, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila idhini ya maandishi ya nchi zinazohusika.

Kinachobaki bila mnunuzi ni kioo cha chogo. Zamani kilirudishwa kutengeneza tyubu mpya. Viwanda vya tyubu vimefungwa, na soko likafa navyo. Hata nchi tajiri zimekwama: huko Columbus, Ohio, Marekani, kampuni moja iliyolipwa kupokea vioo hivyo ilitelekeza maghala yenye maelfu ya tani. Kioo hiki hakiuzwi, kinalipiwa.

Hapa ndipo tunapowageukia wafadhili wetu, kwa heshima na kwa shukrani. Kontena la monita lililokuja bure halikuwa bure. Lilikuja na risasi ndani ya kila tyubu, na gharama ya kuzitunza imeangukia parokia isiyo na fungu hilo. Hatusemi msitume kompyuta. Tunaomba mtume zile zinazofanya kazi na zenye miaka ya kuishi mbele yake, mtuulize kwanza kama zinahitajika, na katika bajeti ya kila mradi wa kompyuta mweke mstari mmoja wa gharama za kuzipokea zikifa. Sisi nasi tulisaini kupokea kontena lile bila kuuliza swali hilo.

Kuhusu ombi la Shirimatunda, hatukutoa fedha za tindikali. Badala yake tulinunua mizani, seti mbili za bisibisi, glovu nene, miwani ya kazi na turubai, na kumlipa fundi yule mzee siku sita za kufundisha. Shaba na aluminiamu vimeuzwa. Mapato hayakuwa makubwa, na vijana wawili wamejitoa kwa sababu hiyo. Waliobaki wameanza kupokea vifaa vibovu kutoka kwa majirani, kila kimoja kikiandikwa kwenye daftari. Magunia ya bodi yanasubiri ya parokia nyingine za dekania. Tyubu ziko stoo, zote nzima isipokuwa mbili zilizokuja zimevunjika shingo, ambazo zimetiwa kwenye pipa lenye mfuniko. Parokia yenye bodi za kuunganisha, au mwenye lori linalorudi Arusha tupu siku za katikati ya wiki, tafadhali aonane na katibu wa kamati kabla ya mvua za masika, kwa kuwa paa la stoo linavuja upande wa mfereji.